Ripoti ya mjomba imeandikwa "glipikani-3": hii salfeti ndiyo salfa ya mikorosho?

MwlKitangari

Salaam wakuu. Naandika kutoka Kitangari, Newala. Nafundisha sekondari, Kiswahili na Historia, kwa hiyo mambo ya seli nielezeni kama mnamweleza mtoto wa kidato cha kwanza, sitaona vibaya.

Mjomba wangu ana miaka 58. Kwa wasiotoka Kusini, kwetu Wamakonde mjomba ni zaidi ya kaka wa mama. Ada yangu ya shule, sare, hata godoro nililokwenda nalo chuoni, vyote vilitoka kwenye mikorosho yake. Mwezi wa tatu alianza kulalamika kwamba tumbo limejaa upande wa kulia chini ya mbavu. Ugali nusu sahani ameshiba, na mkanda wa suruali akautoboa tundu mpya kwa msumari. Tukadhani vidonda vya tumbo. Alipopigwa ultrasaundi Mtwara, ukaonekana uvimbe kwenye ini, sentimita 7. Akapelekwa Dar, wakamchoma sindano wakatoa kinyama, na majibu yakachukua wiki tano.

Ripoti ninayo hapa mezani, karatasi moja, Kiingereza kitupu. Daktari alitueleza mambo mawili: ni saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, na mjomba ana virusi vya homa ya ini B. Hayo tumeyasikia na tumelia. Lakini chini kabisa ya karatasi kuna mstari unaosema glipikani-3 chanya. Huo hakuugusa. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango, na mimi nikaona haya kuuliza.

Usiku nikaingia mtandaoni. Nikakuta kwamba glipikani-3 ni proteoglikani iliyo juu ya seli, yenye minyororo ya heparani salfeti. Nilipofika kwenye hiyo salfeti moyo ukanipiga paa.

Mjomba amepulizia salfa miaka 27. Mnaojua mnajua: mwezi wa sita hadi wa nane, alfajiri umande ungalipo, mashine mgongoni, kipande cha kanga ya mkazamjomba kimefungwa puani. Akirudi ni wa njano kuanzia nyusi hadi kandambili, macho mekundu kama aliyelia msibani, na mkazamjomba anammwagia maji uani kabla hajaingia ndani. Tena si shamba lake tu. Alikodiwa kupulizia mashamba ya watu, hasa la jirani yetu mmoja mwenye mikorosho mingi. Sasa watoto wa mjomba wameliona lile neno kwenye simu yangu na wanasema jirani lazima alipe. Jumapili kuna kikao cha ukoo. Upande wa pili unasema ni gongo, ingawa mjomba ni mtu wa uraka tu, tena msimu wa mabibo.

Maswali yangu: salfeti ya kwenye ripoti na salfa ya kwenye mfuko wa kilo 25 ni kitu kimoja? Hiyo glipikani inafanya nini kwenye ini la mtu?

Na kuna jambo jingine linanikereketa. Mwaka 2011 mama mdogo alijifungua kwa kisu, mjomba akaenda kumtolea damu. Damu ikakataliwa. Akaambiwa "damu yako haifai", akapewa soda yake, akarudi nyumbani. Basi. Yeye akaelewa ana damu chafu, akaenda kwa fundi akachanjwa chale mgongoni, dawa ikapakwa, yakaisha. Je, siku ile walikuwa wameshaona kitu?

---

NjombaWaMtama

Salfa ni salfa mwalimu, usizungushwe. Mzee wangu anakohoa kila msimu mpaka mwezi wa kumi. Huyo jirani alipe. Na mgonjwa mpeni maji ya mlonge na asali asubuhi kabla hajala, ini linasafika lenyewe.

---

MzeeWaMirija

Mwalimu, pole kwa kuuguza. Njomba, mlonge uunge na nazi ule na wali, ni mboga nzuri sana. Saratani ya sentimita 7 iache kwa madaktari.

Nimestaafu. Nimekaa maabara miaka 31, hapa Mtwara na kabla ya hapo wilayani. Sikuwa daktari, nilikuwa mtu wa darubini na mirija, na nitakujibu kwa kuanzia kwenye mrija.

Ukienda kupima damu utaona mirija ina vifuniko vya rangi mbalimbali. Wa kifuniko cha kijani umepakwa ndani kitu cha kuzuia damu isigande, kinaitwa heparini. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kigiriki la ini. Mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Jay McLean, alikuwa anatafuta vitu vinavyogandisha damu. Kwenye ini la mbwa akapata kinyume chake, kitu kinachoizuia isigande. Mwalimu wake, William Howell, akakipa jina la heparini mwaka 1918. (Siku hizi inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Wenzangu wa pwani mtanisamehe, mimi nasema kilichomo.)

Heparani salfeti na heparini ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni minyororo mirefu ya sukari iliyobandikwa salfeti. Na salfeti yenyewe ni salfa iliyokwisha kushikana na oksijeni. Mwili wako unaipata kwenye protini unayokula: mayai, dagaa, kunde, choroko. Seli inaichukua na kuibandika kwenye mnyororo, moja hapa, moja pale, kwa mpangilio wake. Mtoto wa siku moja anayo, na bibi wa Iringa ambaye hajawahi kuuona mkorosho anayo tele.

Salfa ya mfukoni ni unga wa njano ambao hata kwenye maji hauyeyuki. Ubaya wake tunaujua sote, kuwasha macho, kuchubua ngozi, kubana kifua. Huyo mzee wa Mtama anayekohoa mpaka mwezi wa kumi anahitaji barakoa ya kweli, kanga haitoshi, na anahitaji kupimwa kifua pia. Lakini salfa haitoki puani ikaenda kujibandika kwenye ini ikawa glipikani. Chumvi ya mezani ina klorini ndani yake, na klorini peke yake ni hewa ya sumu, lakini hakuna aliyewahi kukabwa koo kwa kuweka chumvi kwenye mchuzi. Kitu kikishaungana na kingine kinakuwa na tabia nyingine. Kwa hiyo kwenye kikao, jirani mwondoeni kwenye hilo la ini.

Sasa hiyo proteoglikani. Seli ya ini si laini kama yai. Ukiweza kuikaribia kabisa utaona ina manyoya. Nenda Mikindani maji yakiwa yametoka, usimame kwenye mikoko. Vijiti vya mizizi vimechomoza kwenye tope, na kila kijiti kimeshikwa na chaza, nyuzi za majani ya baharini, mfuko wa plastiki, kila kilichopita. Proteoglikani ndivyo ilivyo. Kuna kijiti cha protini kilichojikita kwenye ngozi ya seli, na nyuzi ndefu za sukari zinaning'inia. Salfeti inazipa nyuzi hizo chaji hasi, basi kila chenye chaji chanya kikipita kinanasa.

Na kunasa huko ndiyo kazi yake, ini limeumbwa linase. Ukila wali wa nazi, chembe za mafuta zinazozunguka kwenye damu yako saa chache baadaye zinakamatwa na proteoglikani iitwayo sindekani-1, zinaingizwa ndani, damu inasafika. Panya wa maabara waliozaliwa bila sindekani-1 wanabaki na mafuta kwenye damu muda mrefu. Vichocheo vya kuponya kidonda navyo vinashikwa hapo hapo, vinasubiri kuitwa.

Tatizo ni kwamba wezi nao wameujua mkoko. Virusi vya homa ya ini B vikifika kwenye ini vinashika kwanza nyuzi za heparani salfeti, kwa kulegea tu, kama mtu anayeegemea ua huku anachungulia. Kisha ndipo vinautafuta mlango wenyewe, protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 2012 tu, na watafiti wa Beijing. Homa ya ini C nayo inaanza kwa kushika nyuzi hizi. Na malaria! Vimelea alivyovitema mbu vinasafiri kwenye ngozi na damu bila kusimama, lakini vikifika kwenye ini vinakuta nyuzi zenye salfeti nyingi kuliko mahali pengine, na hapo ndipo vinajua vimefika nyumbani, vinavunja safari na kuingia. Protini inayovisaidia kugusa nyuzi hizo, kipande chake ndicho kilichotiwa kwenye chanjo ya malaria ya RTS,S, ile iliyojaribiwa kwa watoto Bagamoyo na Korogwe. Tena kipande hicho kimebebwa juu ya protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: mwizi mmoja amebebeshwa picha ya mwizi mwenzake.

Kwa hiyo mlolongo wa mjomba wako, kwa ninavyouona mimi, ni kirusi. Kiliingia zamani, pengine utotoni, au kutoka kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Kikakaa kimya miaka na miaka, ini likichubuka na kujiponya, likichubuka na kujiponya, kila mara likiacha kovu. Kirusi hiki pia kinaweza kujichomeka ndani ya vinasaba vya seli, ndiyo maana wengine wanapata saratani hata kovu halijakomaa. Kama kulikuwa na karanga au mahindi yaliyoota ukungu ghalani, sumukuvu inazidisha sana hatari kwa mwenye virusi B. Pombe nayo inasukuma. Uraka wa msimu wa mabibo peke yake sidhani.

Glipikani-3 yenyewe ni proteoglikani ya mtoto tumboni. Ini la kijusi linayo. Mtoto akizaliwa inazimwa, na ini la mtu mzima mwenye afya halina. Seli ikigeuka kuwa saratani inarudia utoto, inaiwasha tena. Aliyesoma kinyama cha mjomba alikipaka rangi inayoshika glipikani-3, ikashika, akaandika chanya. Ni muhuri wake wa kuthibitisha kwamba uvimbe huu ni saratani ya seli za ini.

Hilo la 2011 nimeliacha mwisho kwa sababu linanitia hasira. Damu ya kuchangia hupimwa vitu vinne: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Kwa kuwa leo ana B, na B ya utu uzima kwa kawaida mwili huifukuza wenyewe, nina hakika ya kutosha kwamba siku ile mstari wa pili, ule unaoonyesha kirusi kipo, ulitokea kwenye kipimo. Mtu alipaswa kukaa naye dakika kumi. "Damu yako haifai" si majibu, ni kumfukuza mtu. Nami nakiri, miaka yangu ya kwanza kazini nilishawahi kusema hivyo hivyo kwa watu, kwa sababu ya foleni.

Swali langu kwako, mwalimu: bibi yenu, mama yake mjomba, alizaa watoto wangapi, na wangapi wamepimwa?

---

BintiNyangao

Shikamoo mzee. Nimefurahia mikoko. Nasomea patholojia, nyumbani ni Nyangao, naomba niongeze mawili matatu.

Kwanza, si saratani zote za ini zinawasha glipikani-3. Nyingi ndiyo, zote hapana. Kwa hiyo msomaji haangalii rangi hiyo peke yake, anaiangalia pamoja na umbo la seli na rangi nyingine. Ikiwa hasi haimaanishi mtu amepona. Faida yake kubwa ni pale tunapobishana kama kivimbe kidogo kwenye ini lenye makovu ni makovu tu au ni saratani, kwa sababu kivimbe cha makovu kwa kawaida hakiiwashi.

Pili, mzee ameiita muhuri. Ni kweli, lakini ni muhuri unaofanya kazi. Glipikani-3 inasimama juu ya seli ikishika ujumbe wa "kua, gawanyika" na kuusogeza karibu na masikio ya seli. Hapa kuna jambo linalonisumbua hadi leo. Wapo watoto wanaozaliwa na kinasaba kibovu cha glipikani-3, ugonjwa unaitwa Simpson-Golabi-Behmel, nao wanazaliwa na miili mikubwa kupita kiasi. Yaani kwao ikikosekana mwili unazidi kukua, na kwenye ini ikizidi uvimbe unakua. Kitu kimoja, pande mbili. Inategemea ni ujumbe gani unaopita mahali hapo, na seli ipi inausikia.

Tatu, mwalimu atakutana nalo mtandaoni kwa hiyo nalisema. Kwa kuwa glipikani-3 haipo kwenye ini lenye afya, watafiti wameifanya shabaha. Kuna kingamwili iliyotengenezwa kuishika, ikajaribiwa kwa wagonjwa, na kwenye jaribio lake kubwa haikuwaongezea maisha kuliko wale wasioipata. Sasa wanajaribu kuzifundisha chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe ziitafute. Hayo yako kwenye majaribio, hayapo kwenye duka la dawa. Mtu akikuuzia "dawa ya glipikani" Kariakoo, mkimbie.

---

MwanahawaMwani

Samahani kuingilia. Mimi nalima mwani Naumbu. Mwaka jana alikuja mtu na gari, akatuambia mwani una salfeti za kuosha ini na kuua virusi, tukamuuzia kilo nyingi kwa bei nzuri, kumbe anausaga anauza kwenye vichupa. Na sisi tukaanza kunywa supu yake kila siku. Mzee, salfeti hizi zimo kwenye mwani kweli au tumedanganywa?

---

MzeeWaMirija

Dada Mwanahawa, zimo. Huyo mtu alichukua neno la kweli akalishonea koti la uongo.

Ule utelezi wa mwani unaoushika ukikaza tai-tai (vikamba vya kufungia mwani) kwenye kamba, unaobaki vidoleni hata ukinawa, ni karajinani. Ni mnyororo wa sukari wenye salfeti, binamu wa mbali wa heparani. Na kwenye sahani ya maabara vitu vya namna hii vinavihadaa virusi. Wakitia heparini kwenye seli pamoja na virusi B, virusi vinaishika heparini badala ya seli, na seli nyingi zinabaki salama. Karajinani imefanya hivyo kwa kirusi cha papiloma. Mwizi anaegemea ua wa bandia.

Lakini supu haiendi kwenye sahani, inaenda tumboni. Tumbo halipitishi mnyororo mrefu namna ile ukafika kwenye ini ukiwa mzima. Ndiyo maana hata heparini ya hospitali inachomwa sindano, hainywewi. Na zaidi ya hapo, mtu kama mjomba wa mwalimu virusi vilishaingia ndani ya seli pengine zaidi ya miaka 40 iliyopita, kumzuia mwizi uani wakati yuko chumbani ni kazi bure. Supu endelea nayo kama unaipenda. Ile ya kwenye vichupa mwambie anywe mwenyewe.

BintiNyangao, marahaba mwanangu. Nimekubali kurekebishwa.

---

MwlKitangari

Nimechelewa kurudi, mtandao huku juu unakuja na kuondoka.

Kikao kimefanyika. Jirani tulimwita, nikaona si haki kumjadili hayupo. Alikaa karibu na mlango, kofia mkononi, muda wote hajaegemea ukuta. Nikaeleza chumvi na klorini, nikaeleza mikoko. Binamu mkubwa akauliza mara tatu, "Kwa hiyo salfa haimo?" Nikamwambia haimo. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akaamka akauliza hiyo salfeti ya mwilini inauzwa wapi na yeye anunue, watu wakacheka, na nadhani kicheko hicho kilisaidia kuliko maelezo yangu. Jirani akaomba neno. Akasema hata kama si ini, macho ya watu anayaona, msimu ujao hatapulizia mtu shambani kwake bila miwani na barakoa. Akatoa pia nauli ya safari mbili za mjomba kwenda Dar.

Kisha nikasoma swali la Mzee wa Mirija kwa sauti. Bibi alizaa saba. Wako hai watano. Aliyewahi kupimwa ni mjomba peke yake, tena mwaka huu. Chumba kilinyamaza. Mama yangu alikuwa amekaa mbele yangu na mimi, niliyekuja kuzungumza habari za salfa, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nauliza habari za mtu mwingine wakati habari ni yangu.

Wazee wawili wakatajana pia waliochezwa jando mwaka mmoja na mjomba. Kisu kilikuwa kimoja kwa wavulana wote, walisema, na kilipanguswa kwa jani. Waliobaki ni wanne. Wametafutwa.

Jumatano tulikwenda kupima, watu 19, pikipiki na daladala moja. Kidole kinatobolewa, tone linawekwa kwenye kijiti, unasubiri dakika 15. Mstari mmoja huna, miwili unavyo. Mimi mmoja. Mkazamjomba mmoja, na watoto wake wote mmoja mmoja. Mama yangu miwili. Mama mdogo, yule yule aliyehitaji damu mwaka 2011, miwili. Na mdogo wangu Somoe (si jina lake), miwili. Katika wale wanne wa jando mmoja ana miwili.

Mama aliuliza jambo moja tu: kama tutatenganisha sahani.

---

SistaWaLindi

Mwalimu, mimi ni muuguzi, Lindi mjini. Sahani msitenganishe. Kirusi B hakipiti kwenye chakula, kikombe wala kushikana mikono. Kinapita kwenye damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Tenganisheni nyembe, miswaki, mikasi ya kucha, na fundi wa chale mwambieni wembe mpya kwa kila mtu au asichanje kabisa.

Wenye mistari miwili wasiishie hapo, kijiti kinasema kirusi kipo tu. Wanahitaji vipimo vya utendaji wa ini, wingi wa virusi, na ultrasaundi. Si kila mmoja ataanzishwa dawa, lakini anayestahili atapewa tenofovia, kidonge kimoja kwa siku, na anakunywa miaka. Haimwondolei kirusi, inakinyamazisha, na ini linapumua. Mama yako kwa umri wake asikose ultrasaundi kila miezi 6. Ninyi wa mstari mmoja mpate chanjo, sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Mzee wa Mirija, shikamoo. Ulinifundisha kusoma kijiti nikiwa mafunzoni, ulikuwa mkali.

---

MzeeWaMirija

Marahaba. Nilikuwa mkali kwa sababu mlikuwa mnasoma mstari hafifu mnasema haupo. Mstari hafifu ni mstari.

Mwalimu, umefanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa 2011.

---

MwlKitangari

Asanteni. Mjomba anaanza matibabu wiki ijayo, wamesema upasuaji haufai, kuna dawa watajaribu ya kupunguza kasi. Jana alikula embe zima. Nilimweleza glipikani-3, kwamba ini lake limewasha kitu cha utotoni. Akasema, "Basi linanikumbuka."

Nina swali la mwisho na nitaacha kuwachosha. Somoe ana mtoto mchanga, wiki 9 leo. Ananyonya. Kadi inaonyesha Penta ya kwanza, ile chanjo ya watoto, alichomwa wiki ya 6. Ni ile ile yenye kinga ya homa ya ini B? Aendelee kunyonyesha? Na Penta ya pili kuna ubaya tukiisubiri mpaka tukirudi Dar na mjomba, kama wiki nne hivi?

---

SistaWaLindi

Ndiyo, Penta ina homa ya ini B ndani yake. Mtoto wa mama mwenye virusi anatakiwa achomwe ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, lakini hilo limeshapita. Anyonye, ila chuchu ikipasuka ikatoa damu apumzishe upande huo mpaka ipone.

Msisubiri. Ya pili ni wiki ya 10, ya tatu wiki ya 14. Akimaliza, akifika miezi 9 hadi 12 apimwe. Dar mwende wengine. Somoe na mtoto wabaki, Jumatatu asubuhi wawe kliniki, na kadi wasiisahau.